Ngoma Isiyo na Jukwaa: Sanaa za Maonyesho na Kiswahili katika Mwambao wa Rumonge

Utangulizi

Tukiwataka wanafunzi wetu watutajie utamaduni wa Burundi, jibu la kwanza karibu siku zote huwa moja: ngoma za Gishora, zile ngoma kubwa zilizochongwa katika gogo zima, ambazo wapigaji huingia nazo uwanjani wakiwa wamezibeba kichwani huku wakizipiga. Jibu hilo si baya hata kidogo. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na ni haki yake. Lakini mwalimu akiendelea kuuliza, "Na huko chini ziwani, watu wa Rumonge, wa Minago na wa Magara wana sanaa gani?", darasa hunyamaza. Wachache watakaojibu watasema kwamba kule ni kwa Waswahili, wakiwa na maana kwamba ni mahali pa biashara, pa dagaa na mawese, wala si mahali pa utamaduni.

Makala haya yanakusudia kuujibu ukimya huo. Yanafuatilia, kwa ufupi, historia ya sanaa za maonyesho katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, tangu nyimbo za wapiga makasia za karne ya 19 hadi kwaya na maigizo ya wakimbizi waliorejea. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili hakikuingia Burundi kwa njia ya kitabu cha shule. Kiliingia kikiimbwa na kuchezwa, na kwa sehemu kubwa kimehifadhiwa na watu wasiokuwa na ukumbi, cheti wala ruzuku. Mwalimu asiyeijua historia hii humfundisha mwanafunzi wa ziwani lugha kana kwamba ni ya kigeni kwake, na hapo humpotezea kitu ambacho tayari alikuwa nacho.

Kabla ya kuendelea, tukumbushane jambo moja. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walieleza kuwa sanaa ya maonyesho huhitaji mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Jengo halimo katika orodha hiyo. Taa za umeme hazimo, wala pazia. Kwa kipimo hicho mwalo ambapo mitumbwi hufunga ni uwanja, ua wa nyumba ya harusi ni uwanja, na kijiji cha wakimbizi nacho ni uwanja. Tukishika kipimo hicho ndipo tutakapoona kuwa mwambao huu haukuwahi kukosa sanaa. Uliokosekana ni mtu wa kuziandika.

Mwambao na watu wake

Barabara ya taifa namba 3 hutoka Bujumbura kuelekea kusini ikiwa imebanwa kati ya maji na milima. Hupita Kabezi, Gitaza, Magara na Minago, kisha hufika Rumonge na kuendelea hadi Nyanza-Lac. Bugarama, ambayo ndiyo yenye Magara, ni mfano mzuri wa nchi hii ya pande mbili: ina ufuo mwembamba wa ziwa, na papo hapo nyuma yake milima ya Mumirwa inapanda ghafla. Ilikuwa miongoni mwa tarafa tano zilizounganishwa mwaka 2015 kuunda mkoa wa Rumonge, kabla ya mikoa ya Burundi kupunguzwa kuwa mitano mwaka 2025. (Msomaji asiichanganye na Bugarama nyingine iliyoko juu milimani, upande wa Muramvya.)

Ukisimama ufuoni siku isiyo na ukungu unaiona Kongo: rasi ya Ubwari na milima ya Fizi. Kusini kuna Kigoma na Ujiji. Kwa hiyo mvuvi wa mwambao huu ana majirani wa aina tatu. Juu yake wako Warundi wa milimani wanaosema Kirundi. Ng'ambo wako Wabembe na watu wengine wa Kivu wanaosema Kiswahili cha Kikongo. Kusini wako Waha, ambao lugha yao inasikilizana na Kirundi, pamoja na Wamanyema na watu wa pwani waliohamia Ujiji. Kila mmoja wa majirani hawa alikuja na ngoma yake, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili.

Mtumbwi kama uwanja wa kwanza

Maandishi ya zamani kabisa tuliyo nayo kuhusu maonyesho katika ziwa hili yanatokana na malalamiko. Mwaka 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke walipanda mitumbwi kutoka Ujiji wakapita mwambao huu hadi Uvira. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860, Burton anawanung'unikia wapiga makasia wake kwa kelele zao, pembe zao, ngoma zao na nyimbo zao zisizokwisha, mmoja akianza na wengine wakipokea. Yeye alisikia makelele. Sisi tuliofundishwa fasihi simulizi tunasikia jambo jingine: kiongozi na kiitikio, muundo uleule wa wimbo wa kazi tunaoufundisha kila mwaka. Wimbo huo haukuwa wa kupitishia wakati tu. Makasia yasipoingia majini kwa pamoja mtumbwi huyumba, na katika ziwa ambalo upepo huamka ghafla, kuyumba ni kifo. Mdundo ulikuwa ndio usukani wa pili.

Miaka 13 baadaye, mnamo Novemba 1871, David Livingstone na Henry Stanley walifuata njia hiyohiyo kutoka Ujiji kwenda kuutazama mdomo wa mto Rusizi. Jiwe lililoko Mugere, kusini ya Bujumbura, bado limeandikwa majina yao na tarehe 25 ya mwezi huo. Majina ya waliopiga makasia hayakuandikwa jiweni. Hata hivyo ni wao, na wenzao waliotangulia, waliokuwa wakiipeleka lugha kutoka mwalo hadi mwalo.

Haitakuwa haki kuieleza safari hiyo ya lugha bila kutaja mzigo uliokuwamo. Mitumbwi ya Ujiji ilibeba chumvi, mafuta ya mawese, pembe za ndovu na pia watumwa. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa na makao yake Ujiji, alijaribu kupanua nguvu zake kaskazini mwa ziwa katika miaka ya 1880. Mwami Mwezi Gisabo aliizuia nchi ya milimani isiingiwe, lakini ufuo uliumia. Katika kipindi hichohicho wamisionari wa Shirika la White Fathers walifungua kituo Rumonge mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao wakauawa hapo katika ugomvi na wenyeji. Kituo kikafungwa.

Kumbukumbu ya biashara ile ni sababu mojawapo inayofanya neno "umuswahili" katika Kirundi libebe maana zaidi ya moja. Humaanisha Mwislamu, humaanisha mtu wa mjini, na mara nyingi humaanisha mjanja asiyeaminika. Mwanafunzi anayeona haya kukiri kwamba kwao huzungumzwa Kiswahili hajalizua jambo hilo mwenyewe. Amelirithi.

Kutoka gwaride hadi beni

Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ya 19. Kama kwingineko katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, walitawala kwa kutumia Kiswahili, na askari wao wengi walikuwa wakisema lugha hiyo. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliitwaa nchi, yakashuka na mwambao hadi Kigoma. Vita hivyo vilikusanya maelfu ya wapagazi kutoka kila upande, na wapagazi hao walipotawanyika walirudi makwao na jambo jipya: beni.

Historia ya beni inajulikana vizuri kutokana na kitabu cha Terence Ranger kilichotoka mwaka 1975. Ngoma hii ilianzia katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Wachezaji walivaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi, wakacheza kwa hatua za gwaride, na wakaimba kwa Kiswahili nyimbo za majigambo na za kuwadhihaki washindani wao. Upande wa Tanganyika vyama viwili vilivyoshindana vilikuwa Marini na Arinoti. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisambaza beni mpaka katika nchi za maziwa, Malawi, Zambia na Kongo, na huko Kongo watawala wa Kibelgiji waliitazama kwa wasiwasi mkubwa. Waliogopa chama ambacho Waafrika wamejipangia wenyewe, kina wanachama katika miji mingi, na kinazungumza lugha moja.

Wasiwasi huo unatusaidia kuelewa yaliyoifika lugha yetu Burundi baadaye. Wabelgiji na wamisionari hawakukipenda Kiswahili. Wamisionari walikiona kuwa ni njia ya Uislamu, na watawala walikiona kuwa ni lugha ya watu wasio na chifu. Shule zikafundisha kwa Kirundi, kisha kwa Kifaransa. Waswahili wa Usumbura wakawekwa katika mitaa yao, hasa Buyenzi, na vituo vya biashara kama Rumonge, Nyanza na Gitega navyo vikawa na mitaa ya Waswahili. Lugha ilifungiwa mlango wa shule, ikabaki uani, msikitini na sokoni. Kwa sababu hiyo, katika muda wa vizazi viwili au vitatu, nyimbo ndizo zilizokuwa maandishi yake.

Maulidi, harusi na siasa

Sanaa iliyodumu kuliko zote katika mitaa hiyo ni maulidi. Andiko la Barzanji lililotungwa Madina katika karne ya 18 husomwa kwa Kiarabu, lakini kaswida zinazolizunguka, maelezo ya sheikh, makaribisho na utani wa wapishi huwa kwa Kiswahili. Kuna wasomaji wanaopokezana, kuna dufu, kuna safu za vijana wanaokwenda kwa pamoja mbele na nyuma, na kuna hadhira inayojua mahali pa kuitikia. Mambo yale manne ya Muhando na Balisidya yote yamo. Mwanafunzi aliyekulia Rumonge akiwa mtoto wa madrasa amekwisha kusimama mbele ya watu mara nyingi kabla hajakutana na neno "tamthilia" darasani.

Harusi nayo ni uwanja wa wanawake. Hapo ndipo mafumbo ya Kiswahili yalipofunzwa: jinsi ya kumsema jirani bila kumtaja, jinsi ya kumjibu aliyekusema bila kumtukana, jinsi ya kumfunda bibi harusi mbele ya mama mkwe wake. Kanga iliyovaliwa siku hiyo ilikuwa sehemu ya maonyesho, kwa sababu maandishi yake yalisomwa na kila aliyekusudiwa.

Tusidhani kwamba uwanja huo ulikuwa wa anasa peke yake. Huko Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kabla ya kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU mwaka 1955, na ni vikundi vya ngoma vilivyompa wanachama wa kwanza. Nchini Burundi, Mwanamfalme Louis Rwagasore alipoanza harakati zake, ushirika wa wafanyabiashara aliouunda mwaka 1957 ulipata nguvu kwa Waswahili wa Usumbura, na watu wa mitaa hiyo waliendelea kumuunga mkono katika chama cha UPRONA hadi alipouawa tarehe 13 Oktoba 1961. Watu waliokwisha zoea kujipanga kwa ajili ya maulidi na ngoma, wakichangishana na kualikana mji hadi mji, hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuitisha mkutano.

Kilichorekodiwa na kilichoachwa

Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa asili wa Burundi kwa ajili ya sahani za Ocora, kampuni ya redio ya Ufaransa. Ni kazi nzuri: mna inanga ya kunong'ona, mna salamu za kuimba za wanawake, na mna zile ngoma kubwa. Sehemu ya ngoma ilisafiri mbali. Mwaka 1971 ilichanganywa na vyombo vya kizungu na kuuzwa Ulaya, na mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell wa Kanada akaitumia katika wimbo wake mmoja. Tangu hapo dunia ikajua kwamba Burundi ni nchi ya ngoma.

Ajabu ni kwamba wakati wa kurekodi, ufalme ambao ngoma hizo ziliutumikia ulikuwa umekwisha kuvunjwa, Novemba 1966. Ngoma za mwami zikawa alama ya taifa, zikapewa nafasi katika sherehe za serikali na safari za nje. Hatuna kinyongo na hilo. Lakini linatufundisha jinsi urithi unavyoteuliwa. Kilichohesabiwa kuwa "halisi" ni kile kilichokaa milimani na kusema Kirundi. Beni ilionekana kuwa ni kuiga Wazungu, maulidi yakahesabiwa kuwa ya Waarabu, na wimbo wa mvuvi Mbembe ukahesabiwa kuwa wa Kongo. Mwambao ukawa hauna chake. Kanuni hiyo ikitumiwa kwingine, hata taarabu isingekuwa ya Zanzibar, kwa kuwa ala na mtindo wake vilitoka Misri. Zanzibar haikuikubali kanuni hiyo, na leo hakuna anayeidai taarabu irudi Cairo.

Mwaka 1972 na nyimbo za uhamishoni

Tarehe 29 Aprili 1972 vikundi vyenye silaha vilishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, vikaua Watutsi wengi pamoja na maofisa wa serikali. Serikali ilijibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima yaliyodumu kwa miezi. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Mwambao ulibaki mtupu. Waliookoka walivuka ziwa au walikwenda kusini kwa miguu, na Tanzania ikawapa makazi katika mapori ya Ulyankulu huko Tabora, na Katumba na Mishamo huko Rukwa, sehemu ambayo sasa ni mkoa wa Katavi.

Katika makazi hayo kulitokea jambo ambalo mwanahistoria wa lugha hana budi kulitazama kwa makini. Mkulima wa milimani aliyekuwa hajui Kiswahili, na mvuvi wa ziwani aliyekuwa akikijua, wote sasa walikihitaji. Shule ilikuwa ya Kiswahili, zahanati ilikuwa ya Kiswahili, na Redio Tanzania ilikuwa ya Kiswahili. Nyumbani Kirundi kiliendelea. Mahali lugha hizo mbili zilipokutana kwa heshima sawa palikuwa kanisani, katika kwaya. Kwaya ziligawanywa kwa vijiji na barabara za makazi. Moja, Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, ilipata umaarufu Afrika Mashariki yote kwa njia ya kaseti. Wengi waliozinunua kaseti hizo hawakujiuliza barabara hiyo iko wapi. Ilikuwa ni njia ya vumbi katika makazi ya wakimbizi, na iliipatia Tanzania baadhi ya nyimbo zake za dini zilizopendwa zaidi.

Tunaona hapa tena sura ileile ya wapiga makasia: kiongozi na kiitikio, watu wasio na mali wakijipanga kwa sauti. Tofauti ni kwamba mara hii sauti ilirekodiwa, na ndiyo sababu tunaweza kuizungumzia.

Wakati huohuo wasanii wa Burundi waliokwenda mbali walikishika Kiswahili kwa sababu kiliwapa hadhira pana. Khadja Nin alitoa albamu ya Sambolera mwaka 1996 na kuimba kwa Kiswahili mbele ya Ulaya nzima. Kidum, aliyekimbilia Kenya mwaka 1995, alijenga jina lake Nairobi kwa nyimbo za Kiswahili na Kirundi. Kusini ya mpaka nako, mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walipoungana katika wimbo mmoja, waliupa jina la Kiha, Leka Dutigite, na Mrundi aliyelisikia hakuhitaji mkalimani. Ziwa lina muziki wake, na muziki huo haujali sana mipaka iliyochorwa Berlin na Brussels.

Kurudi nyumbani

Baada ya mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000 wakimbizi walianza kurejea. Kati ya waliokaa katika makazi ya zamani, kiasi cha watu 53,000 walirudi Burundi katika miaka ya 2008 na 2009, na wengine wapatao 162,000 walikubaliwa na Tanzania mwaka 2010 kuwa raia wake. Wengi wa waliorudi asili yao ilikuwa Rumonge na Nyanza-Lac, penye ardhi nzuri na michikichi, na ardhi hiyo ilikuwa imeshikwa na watu wengine kwa zaidi ya miaka 30. Wasiokuwa na pa kwenda walijengewa vijiji vya amani, kama kile cha Mutambara karibu na Rumonge. Watoto waliozaliwa Katumba walijikuta katika shule inayofundisha kwa Kifaransa, lugha ambayo hawakuwahi kuisikia. Wenyeji waliwatania kwa Kiswahili chao.

Sanaa za maonyesho ziliitwa kusaidia. Studio Ijambo, iliyoanzishwa Bujumbura mwaka 1995, ilikuwa imekwisha kuonyesha nguvu ya igizo la redio kwa mchezo wa Kirundi wa Marie-Louise Sibazuri kuhusu majirani wa makabila mawili. Katika miaka ya kurejea yakaja maigizo shirikishi ya uwanjani, yanayofuata njia ya Mbrazili Augusto Boal: wachezaji huigiza ugomvi wa shamba, kisha husimama na kuwaomba watazamaji waingie wabadilishe mwisho. Watafiti wa Tanzania walikuwa wameijaribu njia ya namna hiyo tangu miaka ya 1980 huko Malya na Msoga, na Penina Mlama akaieleza katika kitabu chake cha mwaka 1991. Igizo halikumrudishia mtu shamba lake. Lakini mtu aliyekuwa haongei na jirani yake aliweza, akiwa ndani ya mchezo, kusema mbele ya umati lile ambalo nje ya mchezo lingesababisha panga.

Hapo ndipo tulipo. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na katika miaka hiyohiyo Kiswahili kikaingia katika mtaala wa shule za msingi. Ni hatua kubwa, na idara nyingi za Kiswahili, ikiwemo yetu, zimenufaika nayo. Lakini ilikuja na kasoro moja: lugha ilipokelewa kana kwamba ndiyo kwanza inavuka mpaka.

Hili latuhusu vipi walimu?

Tuchukue mfano wa darasani. Mwanafunzi wa Rumonge anaandika "tunaendaka sokoni kila siku" badala ya "huenda sokoni". Mwalimu anakata kwa wino mwekundu, na ana haki, kwa sababu mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Lakini kiambishi hicho kina historia: ni alama ya Kiswahili cha upande wa Kongo na Bujumbura, na kimefuata njia ileile ya mitumbwi tuliyoieleza. Mwalimu anayeweza kumweleza mwanafunzi hivyo amefanya mambo mawili kwa mara moja. Amemsahihisha, na amemwonyesha kwamba mama yake hakusema upuuzi.

Hali ni hiyohiyo katika fasihi. Tunafundisha Kinjeketile ya Ebrahim Hussein na Lina Ubani ya Penina Muhando, na tutaendelea kuzifundisha. Tunapofika kwenye sanaa za maonyesho za jadi, hata hivyo, mifano yote hutoka katika vitabu vya pwani: vugo, lelemama, unyago. Mwanafunzi wa Magara hukariri majina hayo kama anavyokariri majina ya mito ya Ulaya. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, shule huonyesha ngonjera zilizonakiliwa, ilhali nyumba ya tatu kutoka shuleni kuna bibi anayejua nyimbo za harusi za Buyenzi ya zamani.

Tunapendekeza basi kazi ya likizo kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu. Kila mmoja akusanye onyesho moja tu la mahali anapotoka: wimbo wa kuvuta wavu, kaswida, wimbo wa harusi au wimbo wa kwaya uliotungwa uhamishoni. Aandike nani huanza na nani huitikia, lugha zipi zimo, liliimbwa wakati gani, na mwenye kuimba alijifunza kwa nani. Aombe ruhusa kabla ya kurekodi, na amwachie mwenyewe nakala. Asiusahihishe wimbo uwe sanifu. Auandike ulivyo, kisha maelezo yake ndiyo yawe sanifu. Walimu nao wakubaliane tangu mwanzo kwamba kazi hiyo ina alama, la sivyo haitafanywa.

Hitimisho

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Kwa watu wa mwambao huu methali hiyo ina uchungu wake, kwa kuwa kwao kulipitwa na watumwa kweli, na kwa muda mrefu walifundishwa kwamba walicho nacho ni cha wengine. Tumejaribu kuonyesha kwamba sivyo. Wimbo wa makasia, beni, maulidi, kwaya ya uhamishoni na igizo la uwanjani vilipokelewa kutoka pande nyingi, vikapata makao ziwani, na vikaibeba lugha katika nyakati ambazo shule haikuitaka.

Aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipolikimbia ziwa mwaka 1972 sasa amevuka miaka 70. Anazo nyimbo za kabla ya kuondoka, anazo za makazi ya Tanzania, na anazo za kurudi. Hakuna maktaba ya chuo iliyo na mkusanyiko huo. Likizo ijayo ni ya miezi miwili, na nauli ya basi kutoka Bujumbura hadi Rumonge si kubwa. Wanafunzi watakaokuwa tayari wajiandikishe idarani.